Riwaya ya Dar es Salaam iliyozindua Tuzo ya Giller

Novemba 1994, mjini Toronto, ilitolewa kwa mara ya kwanza tuzo mpya ya fasihi iliyopewa jina la Giller. Ilikusudiwa riwaya bora au mkusanyo bora wa hadithi fupi ulioandikwa na Mkanada kwa Kiingereza. Vitabu vitano vilikuwa vimefika fainali. Kilichoshinda kinaitwa The Book of Secrets, yaani Kitabu cha Siri, na mtu wa Dar es Salaam akikifungua atajikuta nyumbani tangu kurasa za mwanzo. Mwaka ni 1988. Mwalimu mstaafu wa Kigoa, Pius Fernandes, ameletewa shajara kuukuu iliyokutwa kwenye chumba cha nyuma cha duka mjini Dar. Shajara hiyo iliandikwa mwaka 1913 na bwana shauri wa Kiingereza, Alfred Corbin, alipokuwa kijana mgeni katika kituo cha Kikono, upande wa Kenya, karibu kabisa na mpaka wa himaya ya Wajerumani. Mwalimu anaanza kuisoma, na kila anapofunua ukurasa anakuta mambo ambayo Corbin hakuyaandika.

Mwandishi wa kitabu hicho ni Moyez Gulamhussein Vassanji, ambaye majalada ya vitabu vyake humtaja kwa kifupi, M. G. Vassanji. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950 akakulia Dar es Salaam. Mwaka 2003 aliitwa tena jukwaani kupokea tuzo ileile, safari hii kwa riwaya ya The In-Between World of Vikram Lall, na akawa mtu wa kwanza kuichukua Giller mara mbili. Mwaka uliofuata Alice Munro naye akaichukua mara ya pili. Munro huyo ndiye aliyekuja kupewa Nobel ya fasihi mwaka 2013.

Nimeanza na heshima hizo za ugenini kwa sababu nina dai la kutoa hapa nyumbani. Vassanji ameshinda kwa habari za Kariakoo, Moshi, Nakuru na mpaka wa Taveta, lakini ukiwauliza wapenzi wengi wa riwaya mjini Dar wakutajie waandishi wakubwa waliotoka katika mji huu, jina lake halimo. Naona tumekosea kumwachia Kanada peke yake.

Tuzo yenyewe ilitokana na msiba. Jack Rabinovitch, mfanyabiashara mzaliwa wa Montreal, alifiwa na mkewe Doris Giller mwaka 1993 kwa ugonjwa wa saratani. Doris alikuwa mwandishi wa habari aliyeshughulikia kurasa za vitabu magazetini. Mumewe alitaka jina la mkewe libaki kwenye jambo ambalo mwenyewe angelipenda, akazungumza na rafiki yake wa siku nyingi, mwandishi Mordecai Richler, na katika mazungumzo hayo wazo la tuzo likakamilika. Mshindi wa kwanza angepata dola 25,000 za Kanada. Leo kiasi hicho kimefika dola 100,000.

Jopo la kwanza la majaji lilikuwa na watu watatu: Richler mwenyewe, Alice Munro na mhakiki David Staines. Richler aliandika karibu maisha yake yote kuhusu Wayahudi wa mtaa mmoja wa Montreal. Munro aliandika kuhusu mashamba na miji midogo ya kusini-magharibi mwa Ontario, miji ambayo hata Wakanada wengi wasingeitembelea kwa hiari yao. Waandishi wa namna hiyo hawahitaji kuelezwa kwamba mtaa mmoja wa wauza nguo unaweza kubeba riwaya nzima. Walikuwa na nafasi ya kuichagua kazi yenye mandhari ya Kanada iwe ya kwanza katika historia ya tuzo yao, na hakuna ambaye angewalaumu. Wakachagua kitabu ambacho habari zake ziko Kikono, Moshi, Dar es Salaam na kwa sehemu London. Kwenye orodha hiyohiyo ya watano alikuwamo pia Shyam Selvadurai, mzaliwa wa Sri Lanka, na kitabu chake Funny Boy. Kanada ilikuwa inaanza kukubali kwamba hadithi za wahamiaji wake ni sehemu ya fasihi yake.

Kuna sadfa moja ya mwaka 1994 ambayo sijaona ikisemwa vya kutosha huku kwetu. Mwaka huohuo, Uingereza, riwaya ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, iliingia kwenye orodha fupi ya Tuzo ya Booker. Haikushinda, kwani mwaka ule Booker ilikwenda kwa James Kelman wa Scotland. Lakini itazame riwaya hiyo pembeni ya ile ya Vassanji. Paradise inamfuata kijana Yusuf, aliyewekwa rehani na babake kwa tajiri wa misafara, mpaka askari wa Wajerumani wanapoingia na Vita Kuu ya Kwanza kukaribia. The Book of Secrets inaanza palepale, mwaka mmoja kabla ya vita, umbali usio mkubwa kutoka njia walizopita misafara ya akina Yusuf. Watu wawili wa pwani yetu, waliopishana umri kwa miaka miwili tu, mmoja akiishi Canterbury na mwingine Toronto, waliirudia miaka ileile katika mwaka mmoja. Wote wawili walikuwa wameondoka wakiwa vijana, Gurnah miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, Vassanji mwaka 1970. Kwa nini 1914 iliwaita wote? Nadhani walikuwa wanatafuta siku ya mwisho kabla pwani haijagawanywa vipande na watu waliokuwa wakisafiri, wakioana na kukopeshana hawajaambiwa kwamba kuanzia leo huyu ni wa Mwingereza na yule ni wa Mjerumani.

Hilo ndilo linalotokea Kikono. Wafanyabiashara wa Kihindi wa kijiji hicho wana ndugu Moshi na wana ndugu Mombasa. Agosti 1914 vita inatangazwa Ulaya, Wajerumani wanaiteka Taveta, na ndugu wa upande wa pili wanageuka maadui wa kisheria kwa sababu ambazo hakuna mmoja wao aliyeshauriwa. Historia ya vita ile tunaisoma kwa majina ya majenerali: von Lettow-Vorbeck aliyewashinda Waingereza Tanga mwezi Novemba 1914, Smuts aliyeingia Moshi mwezi Machi 1916. Wapagazi wetu walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na kuhara damu zaidi kuliko kwa risasi, na vitabu vingi vya kijeshi vimewapa aya chache. Mwenye duka la mpakani hakupewa hata aya. Vassanji alimpa riwaya.

Mwenye duka huyo ni Nurmohamed Pipa, mtoto wa kimaskini wa Moshi. Anamwoa Mariamu, msichana wa Kikono ambaye watu wanasema ana mashetani, mpwa wa mukhi, yaani kiongozi wa jumuiya yao. Corbin amewahi kumtoa Mariamu mikononi mwa mganga aliyekuwa akimtesa kwa jina la kumpunga. Corbin alipougua homa, Mariamu ndiye aliyemuuguza. Usiku wa harusi Pipa anagundua kwamba mkewe si bikira. Mtoto anazaliwa mweupe, macho yake ya kijivu. Kijiji kinanong'ona. Vita inapofika, Pipa anabanwa na pande zote mbili, kila mkubwa akitaka ampelekee ujumbe na habari za mwenzake. Kisha Mariamu anabakwa na kuuawa, na anamwachia mumewe mtoto pamoja na kitu kimoja alichokuwa amekiiba na kukificha: shajara ya Corbin.

Hapa ndipo Vassanji ananishika kila ninaporudi kwenye kitabu hiki. Pipa hajui kusoma Kiingereza. Anaamini jibu la swali linalomtafuna, kwamba mtoto huyu ni wa nani, limo ndani ya daftari lile, naye hawezi kulisoma, na hawezi kumpa mtu mwingine amsomee, kwa maana atakuwa ameitoa aibu yake nje. Analitunza miaka na miaka kama tunu ya kuabudiwa. Anahamia Dar es Salaam, anafungua duka Kariakoo, anaoa mke mwingine, anapata watoto wengine, biashara inanyanyuka, na siri bado iko gizani nyuma ya bidhaa. Nimesoma riwaya nyingi kuhusu ukoloni. Sijui nyingine iliyoonyesha kwa uchungu huu maana ya maisha yako kuandikwa na mtu mwingine, kwa lugha isiyo yako, kisha maandishi hayo yakabaki nyumbani kwako.

Na je, shajara inajibu? Mwalimu Fernandes anaisoma yote. Anatafuta watu, anauliza, anaunganisha. Yeye mwenyewe ana yake ya kuficha, kwa Rita aliyekuwa mwanafunzi wake na kwa rafiki yake Desmond Gregory, mwalimu wa Kiingereza aliyeandika mashairi. Mwandishi hatupi jibu. Wapo wasomaji waliochukizwa na hilo, wakaona wamezungushwa bure kwa kurasa zaidi ya 300. Mimi naona Vassanji alifanya haki. Mariamu ndiye pekee aliyejua, na hakuna aliyemuuliza akiwa hai. Kumpa msomaji wa 1994 kile alichonyimwa mumewe kungekuwa kumvua Mariamu nguo mara ya pili.

Huwezi kuelewa mtu anafikaje kuandika hivi bila kujua alikotoka. Vassanji alizaliwa katika familia ya Khoja Ismailia, jumuiya iliyotoka Gujarat. Baba alifariki Moyez akiwa na umri wa miaka 5, na mama akawachukua watoto kutoka Nairobi akahamia nao Dar es Salaam, akafungua duka la nguo. Kwa hiyo dunia ya kwanza ya mwandishi huyu ilikuwa ya mama mjane nyuma ya kaunta, vitambaa vimepangwa kwenye mashubaka na wateja wanabembelezana bei kwa Kiswahili. Barabara iliyokuwa ikiitwa Kichwele ikawa Uhuru, na Uhuru Street ndilo jina la mkusanyo wake wa hadithi fupi uliotoka mwaka 1992. Mtu akitaka kuanza na Vassanji bila kujitwika riwaya nene, aanze na hadithi hizo.

Alikuwa hodari wa hesabu na sayansi. Mwaka 1970 alipata ufadhili akaenda Marekani kusoma fizikia katika chuo cha MIT, kisha akapata udaktari wa fizikia ya nyuklia Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mwaka 1978 akahamia Kanada na kufanya kazi katika kituo cha nishati ya atomiki cha Chalk River, baadaye Chuo Kikuu cha Toronto. Wakati wa mchana alikuwa mwanasayansi, na katika saa zilizobaki akawa anaandika. Mwaka 1981 yeye na mkewe, Nurjehan Aziz, walianzisha jarida la fasihi mjini Toronto kwa waandishi wenye asili ya Asia ya Kusini waliokosa pa kuchapisha. Kutokana na jarida hilo ikazaliwa kampuni ya uchapishaji ambayo leo inaitwa Mawenzi House. Kila mtu wa Moshi anakijua kilele cha Mawenzi kilichotoa jina hilo.

Riwaya yake ya kwanza, The Gunny Sack, ilitoka mwaka 1989 katika ule mfululizo wa Heinemann wa waandishi wa Afrika, uliotuletea Achebe na Ngũgĩ. Ilimpatia Tuzo ya Waandishi ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza bora, kanda ya Afrika. Baada ya hapo akaiacha fizikia.

Kwangu mimi The Gunny Sack ndicho kitabu chake chenye ujasiri mkubwa zaidi, hata kuliko viwili vilivyoshinda Giller. Kijana Salim, akiwa ugenini, amerithi gunia la makorokoro kutoka kwa bibi wa ukoo, na kila kitu anachotoa kinaleta habari ya mtu. Habari ya kwanza ni ya Dhanji Govindji, aliyevuka bahari kutoka Gujarat na kujiimarisha kibiashara katika kijiji cha pwani kinachoitwa Matamu. Huko anapewa mtumwa wa kike, Bibi Taratibu, ambaye anamzalia mtoto, Huseni. Baadaye anaoa mke wa kabila lake na Bibi Taratibu anawekwa kando. Huseni akikua anatoweka, na Dhanji anateketeza mali yake, kisha fedha za jumuiya, kumtafuta mwana huyu mweusi ambaye alikuwa amemwonea haya.

Mambo haya familia nyingi za pwani zinayajua, za Kihindi, za Kiarabu, za Waswahili wenyewe. Yanasemwa jikoni kwa sauti ya chini na yanakatika mgeni akiingia. Vassanji aliyaweka katika sura ya kwanza ya kitabu chake cha kwanza, akitaja utumwa kwa jina lake, na akalifanya tendo hilo kuwa chanzo cha laana ya ukoo mzima. Mtu wa jumuiya iliyojengwa juu ya heshima na kusitiriana alihitaji moyo kufanya hivyo.

Sisemi kwamba hana upungufu. Katika vitabu vyake vya mwanzo Waafrika weusi mara nyingi wanaonekana kutoka ng'ambo ya kaunta: mteja, mtumishi, mpagazi, kijana wa barabarani. Wanaongea vizuri, wana majina, lakini hatuendi nao nyumbani jioni. Amina, mwanamke ambaye Salim anampenda katika The Gunny Sack, anaingia na nguvu nyingi, na nilitamani kitabu kimwachie nafasi zaidi. Adam Shafi wa Zanzibar alijaribu safari ya upande wa pili. Katika Vuta N'kuvute, riwaya ya Kiswahili ya mwaka 1999, alimweka katikati Yasmin, msichana wa Kihindi anayemkimbia mume mzee na kuingia katika maisha ya Waswahili na harakati za kupigania uhuru. Ukisoma Shafi na Vassanji pamoja unapata chumba chote, mbele na nyuma ya kaunta. Filamu iliyotokana na Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, katika mji huohuo alioandikia Vassanji. Laiti tungekuwa na darasa moja la chuo linalowafundisha wawili hawa kwa pamoja.

Turudi kwenye tuzo ya pili. Mwaka 2003 ushindani ulikuwa mkali. Kwenye orodha fupi alikuwamo Margaret Atwood na Oryx and Crake, na Ann-Marie MacDonald na The Way the Crow Flies. Vassanji akawapita na Vikram Lall, mtu anayesimulia maisha yake akiwa mafichoni kando ya ziwa Ontario, huku akijulikana kwao Kenya kama mmoja wa mafisadi wakubwa kabisa barani Afrika. Simulizi inaanza Nakuru mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari. Watoto watano wanacheza pamoja: Vikram na dada yake Deepa, Njoroge ambaye ni Mkikuyu, na watoto wawili wa Kizungu, Bill na Annie. Babu wa Vikram ni mmoja wa mafundi waliotoka Punjab kujenga reli. Kisha familia ya Bill na Annie inauawa na Mau Mau, na Vikram anabaki na sura ya Annie maisha yake yote. Deepa na Njoroge wanakua wakipendana, katika nchi ambayo imepata uhuru lakini mama wa Deepa hawezi kuukubali upendo huo. Njoroge naye anauawa, akiwa bado anaamini kwamba uhuru ulikuwa na maana kubwa kuliko mashamba ya wakubwa.

Vikram hana imani kali ya aina hiyo. Anaingia wizarani, anajifunza kwamba mtu asiye wa kabila lolote linalogombea madaraka anafaa sana kubeba mabahasha ya wote, na anapanda ngazi hadi mbele ya Jomo Kenyatta. Hachukii mtu. Hamwibii mtu usoni. Anapitisha tu fedha kutoka mkono huu kwenda mkono ule, na yeye anabakiwa na fungu lake.

Wakenya waliokisoma kitabu hicho kilipotoka walikuwa wakisikia jambo jingine redioni kila siku. Serikali ya Mwai Kibaki ilikuwa imeingia madarakani mwishoni mwa 2002, na Februari 2003 ikaunda tume ya Jaji Samuel Bosire kuchunguza kashfa ya Goldenberg, ile ya malipo ya mauzo ya dhahabu ambayo haikuwapo. Riwaya ya Vassanji haihusu Goldenberg. Lakini ilitoka wakati nchi inauliza ni mtu wa namna gani anayeweza kufanya haya na akalala usingizi, na ikajibu kwa kurasa takribani 400: ni mtu mpole, msikivu, aliyeona mapema kwamba kupenda kunaua, akaamua asipende tena chochote sana. Tume haikuweza kutoa jibu la aina hiyo, kwa kuwa kazi ya tume ni hati na mashahidi.

Baada ya Giller ya pili Vassanji hakuacha kurudi huku. Mwaka 2012 alitoa The Magic of Saida, ambamo daktari Kamal Punja, mtoto wa mama Mwafrika na baba Mhindi, anatoka Edmonton kwenda Kilwa kumtafuta Saida, msichana aliyemwacha utotoni. Saida ni mjukuu wa mshairi mkongwe, Mzee Omari, anayetunga tenzi kuhusu ujio wa Wajerumani na maumivu ya Maji Maji. Sisi tuliolelewa na tenzi tutaisoma sehemu hiyo kwa jicho ambalo msomaji wa Toronto hana. Humo limo swali zito kuhusu mshairi anayemsifu mtawala aliyewanyonga watu wake, na Vassanji halikimbii. Mwaka 2014 akaandika And Home Was Kariakoo, kitabu cha kumbukumbu na safari, akipita Tanga, Kilwa, Zanzibar na bara, akiwatafuta waliobaki kati ya watu wa utoto wake.

Wengi walikuwa wameondoka. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, utaifishaji wa majumba ya kupangisha hapa Tanzania mwaka 1971, kisha Idi Amin kuwapa Waasia wa Uganda siku 90 mwaka 1972: kila tukio lilipakia familia kwenye ndege, na nyingi ziliishia Kanada. Utaifishaji ulikuwa na sababu zake, nami siwezi kuandika kana kwamba mwenye ghorofa 5 na mpangaji wake walikuwa na malalamiko sawa. Lakini waliondoka pamoja na kumbukumbu za mji ambazo hazimo katika nyaraka zetu: nani aliishi wapi, nani alimkopesha nani, shule ipi ilifundisha nini, mtoto gani alizaliwa na nani. Vassanji ni mmoja wa wachache waliozirudisha kwa maandishi. Anazirudisha kwa Kiingereza, kilichochapwa ng'ambo, kwa bei ya ng'ambo.

Hilo linaweza kurekebishwa. Gurnah alipopewa Nobel mwezi Oktoba 2021, mwaka uliofuata Paradise ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, chini ya wachapishaji wa Mkuki na Nyota wa hapa Dar. Kazi ile imethibitisha kwamba riwaya ya pwani iliyoandikwa ugenini inaweza kurejea katika lugha iliyokuwa ikisikika ndani yake tangu mwanzo. Nawaomba wachapishaji wetu waiangalie The Book of Secrets kwa jicho hilohilo. Pipa anafikiri kwa Kiswahili na Kikachi, Mariamu anatukanwa kwa Kiswahili, na wapagazi wanaopita Kikono wanaongea Kiswahili. Nawaomba pia walimu wa fasihi wa vyuo vyetu wasingoje tafsiri ndipo wamwingize Vassanji kwenye mitaala. Vitabu vipo.

Rabinovitch, hadi alipofariki mwaka 2017, alikuwa na desturi ya kuwahimiza watu kwamba kwa gharama ya mlo mmoja mjini Toronto wangeweza kununua vitabu vyote vya orodha fupi. Kuleni nyumbani, aliwaambia, mnunue vitabu. Nami nawaomba wasomaji wa gazeti hili wafanye hivyo kwa kitabu kimoja tu mwaka huu. Mwenye kupenda hadithi fupi achukue Uhuru Street, mwenye ndugu Kilwa achukue The Magic of Saida, na anayefanya kazi katika ofisi ya umma, kwa heshima zote, namshauri aanze na Vikram Lall.